Engozi ya Adventina

Baba Deus,

Mimi mkeo naogopa. Anayeandika ni Koku, mtoto wa binti yetu, nimejifungia naye chumbani ili mkamwana wetu Adventina asisikie. Tumbo lake limeshuka. Ni wakati wowote sasa. Na mvua ya hapa kijijini Ndama unaijua, ikiamua kunyesha haiulizi nani ana mimba.

Tangu utuache, tumevutiwa umeme. Juzi radi ilipiga, nguzo ikalala, giza. Ndipo nikaona nyumba yako ilivyolegea. Simu zote zimezima. Kuni hakuna hata za kuchemshia chai, maana Deus aliniletea jiko la umeme. Mitungi mitupu, wanasubiri pampu. Watu wazima, Baba Deus! Nilikaa jikoni nikakusikia kabisa: "Nyumba isiyo na kaa chini ya majivu ni banda la mbuzi."

Nikaanza. Kuni zimerudi darini. Mitungi imejaa. Simu ziko kwa jirani mwenye sola, taa ya mafuta ina utambi mpya. Khanga za mtoto na kadi ya kliniki ziko kwenye mfuko mlangoni.

Halafu nikaenda kutazama engozi yako, ile machela uliyosuka mwenyewe, iliyobeba wagonjwa wa kijiji hiki mpaka hospitali ya Nyakahanga. Mchwa wameila. Na ile miti yake ya kubebea, unajua iko wapi? Kibanjani, shambani kwetu! Mwanao ameegemezea migomba yenye mikungu. Eti, "Mama, siku hizi kuna bodaboda." Nikamwambia, bodaboda ipi itapanda mlima ule ukiwa tope? Mkeo utamtwika kichwani kama ndizi za sokoni? Akaenda kuing'oa miti, akaita wenzake, wakashinda uani wakisuka.

Ilipokwisha nikapanda mimi kwanza. Siwezi kumlaza mtoto wa watu kwenye kitu sijakijaribu. Wanaume wakaguna. "Bibi, wewe unakula ndizi au unakula mawe?" Nikawaambia, nyamazeni, bebeni, hata baba zenu walibeba wazito kuliko mimi. Wakanizungusha kibanjani.

Baba Deus, nimelala chali, majani ya migomba yanapita juu yangu, nikakukumbuka. Hivi ndivyo ulivyoona siku ile ya mwisho walipokubeba? Nilikuwa natembea pembeni, nimeshika vidole vyako, nakwambia tumefika, mume wangu, tumefika. Tulikuwa hata daraja hatujavuka.

Nikatetemeka mle ndani. Wao wakadhani nacheka.

Sasa mawingu yamekaa upande wa Kyerwa, meusi. Adventina anaimba huko nje, anachambua maharage, hajui hofu yangu. Huyu binti ndiye aliyekuja kulala na mimi kitanda kimoja ulipozikwa, akasema, "Mama, hutalala peke yako." Nikimpoteza huyu... Koku, usiandike hilo. Haya, andika.

Lala, mzee wangu. Ukiwa na njia ya kusema na Mungu, mwambie aizuie hiyo mvua kidogo. Akikataa, basi. Wanaume watabeba, nami nitatembea pembeni nimeshika vidole vyake. Na mara hii, nakuapia, sitasema tumefika mpaka tufike.

Mkeo,
Mama Deus