Shomoro mwenye koo jeusi wa Mama

Shoga, nimejifungia bafuni. Nimemdanganya Mama, na amenikamata.

Unajua tangu ashindwe kutoka kitandani hagusi chakula mpaka shomoro wake mwenye koo jeusi atue kwenye kisahani cha mtama pale dirishani. Wiki nzima hajaja, na Mama anaishi kwa chai tu. Leo akatua mwingine. Macho ya Mama hayafiki mbali siku hizi, nikasema, "Mama, amekuja."

Akauliza, "Kooni yukoje?"

Nikababaika, nikasema kijivu. Kijivu, shoga. Miaka yote hiyo amenifundisha kuwatofautisha.

Akasukuma bakuli la uji. "Huyo ni wa kichwa kijivu. Si wangu." Akanigeukia. "Kama unanidanganya kwa ndege, juzi daktari alikuambia nini?"

Alikuambia nini. Hivyo hivyo, bila kupandisha sauti.

Nimemwambia. Yote, hadi ile miezi miwili aliyobakiza.

Hakulia. Ameomba bakuli lake, akala vijiko vitatu, akasema, "Mwambie kaka yako arudi nyumbani."

Nimelikodolea macho jina la kaka kwenye simu nusu saa sasa. Siwezi, shoga. Mpigie wewe.