Kitabu cha Dua Kilichorudi Kipya

Korogwe, 12 Februari 1951

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, ila vumbi la mkonge linanikohoza. Macho yako je? Dada Chausiku ameniandikia kwamba mchwa wamekula jalada la kile kitabu cha dua ulichokiandika kwa mkono. Nitumie. Hapa kiwandani tunapiga chapa kadi za vibarua wa mashamba, lakini kujalidi ndiyo kazi yangu, na bwana mkubwa mwenyewe ananisifu. Nataka na wewe uone nilichojifunza.

Mwanao, Athuman

Mazingara, 3 Machi 1951

Mwanangu, marahaba.

Hatujambo, mvua bado. Macho ndiyo yamekwisha. Anayeandika ni dada yako, mimi nasema tu. Kitabu nimempa jirani yetu Mzee Semboja anayekuja huko, atakufikishia. Ngozi ile ya jalada niliilainisha siku tisa, na wino niliupika mwenyewe kwa masizi. Watu hapa wana vitabu vya chapa kutoka Tanga, lakini hitma ikifika wanakuja kuazima changu. Badilisha jalada, basi. Kirudi kabla ya Shaabani, tuwasomee marehemu wetu.

Baba yako

Korogwe, 28 Aprili 1951

Baba, shikamoo.

Poleni na kilimo. Kitabu ndicho hicho, kina jalada jipya la kitambaa chekundu. Tena nimekuongezea: nimekipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi. Kingo zilikuwa zimechakaa, na pembeni palijaa maandishi madogo ya ovyo ovyo ambayo sikuweza kuyasoma. Unajua chuo cha Kurani nilitoroka, herufi za Kiarabu sizijui. Sasa kimenyooka pande zote. Wenzangu hawakuamini kwamba ni kazi ya mkono.

Mwanao, Athuman

Mazingara, 19 Mei 1951

Athuman,

Wazima tupo. Watu walipokwisha kukaa kwa hitma, nikamwambia Chausiku asome majina. Nikamsikia akifunua kurasa mbele na nyuma. Nikadhani haoni vizuri. Akasema, "Baba, hayapo."

Hayo ya ovyo ovyo ndiyo marehemu wetu. Kila mmoja aliandikwa pembeni siku ya arobaini yake, na wa zamani niliwanakili kutoka kitabu cha babu yangu. Mama yako alikuwa pembeni mwa Yasini. Zamda, mdogo wako aliyeishi siku kumi na moja, hakuandikwa mahali pengine popote. Kila mwaka tulikuwa tunawasoma nawe umekaa hapo hapo, unasinzia.

Vipande ulivyokata viko wapi? Vikusanye vyote, uvilete.

Baba yako

Korogwe, 2 Juni 1951

Baba, shikamoo.

Vipande tuliwashia moto wa kuchemshia gundi siku ile ile. Nisamehe, baba. Nitajie majina, nitayapiga chapa kwa herufi nzuri niyabandike mwanzoni mwa kitabu. Idi nitakuja nikupigie magoti.

Mwanao, Athuman

Mazingara, 24 Juni 1951

Athuman,

Salamu zako nimesomewa. Majina yalikuwa arobaini na matatu. Tangu Shaabani nayatafuta kichwani, nimepata kumi na tisa. Waliobaki nilikuwa nawajua kwa kuwasoma tu, na macho ndiyo hayo sina. Hao kumi na tisa Chausiku amewaandika kwenye daftari. Wewe usichape kitu.

Idi njoo, ni kwenu, chakula hakikosekani. Kitabu utapewa uondoke nacho. Na mimi nikifa, jina langu usilitie humo.

Sadala bin Mdoe