Mashini Yenye Kusema NORMAL

Kazi moja, 8 février 1993

Minye Évariste niko muntu wa bahati, na sioni haya kuiandika. Tangu yaya Nicolas, mukubwa wangu ku kazi, aniachie ordinateur, mashini ya kuchunga pompi kubwa ya maji, haijalia hata siku moja. Wakati wake ilikuwa inalia — taa nyekundu, bantu mbio ku ngazi, chef anatukana mama ya kila muntu. Kwangu? NORMAL. Herufi za kijani, kutwa. Kuko mikono yenye kutuliza vitu. Mwanamuke mumoja wa Kitwe aliniambia vile, lakini yeye hakusema juu ya pompi.

Nilikula pekee yangu mu salle ya kazi. Viti ine, muntu mumoja. Nilijitolea hadithi ya muzungu na mbuzi. Nilicheka. Mwisho wake najua, lakini nilicheka.

Kazi mbili, 9 février

Nilipita ku gare. Yaya Nicolas na muke wake Mama Philomène na watoto wangali pale, chini ya sheeting ya plastiki, tangu mbele ya Noël, wanangojea train ya Kasai. Walifukuzwa mu nyumba — eti ni bantu wa Kasai, warudi kwao. Kwao wapi? Alizaliwa hapa Likasi. Kasai aliiona ku carte ya inchi mu masomo. Sasa muntu mwingine anapikia mu vyungu vyao.

Nilipeleka chakula, bukari na ndagala. Nicolas hakuuliza nyumba yake. Aliuliza ordinateur. Nikamwambia haijalia. Uso wake ulifunguka kama dirisha.

Akaanza kunifundisha tena, kama vile sijui. Mashini haina akili, inajifunza ku mifano. Miaka miwili tulikaa naye: yeye ku clavier anaandika, minye sikio ku pompi namwambia vile inalia. Nzuri. Nzuri. Nzuri. Mifano mizuri maelfu. Mibaya ya kuhesabu ku vidole. Ndio shida yake, anasema: panne ya kweli, pompi kuharibika, inakuja mara haba, na mashini haiwezi kutambua kitu haijaonyeshwa. Nikamkumbusha siku nilikamata marteau nipige pompi, tupate mifano mingine. Alicheka mpaka Mama Philomène akageuka kumwangalia. Mama anasema hajamusikia akicheka tangu walipofika pale.

Kurudi, Firmin jirani aliniona na sufuria tupu. Akauliza kama na minye nimekata ticket ya Kasai. Nikamjibu ndiyo, première classe, kandokando ya dirisha. Bantu wa barabara walicheka. Minye nilicheka kupita wote.

Kiisha nikafunga mulango.

Kazi ine, 11 février

Mama Delphine wa camp ya wafanyakazi alikuja na bidon tupu. Maji haitoki tangu asubuhi. Nikamwambia haiwezekani, mama, angalia mwenyewe. NORMAL.

Akasema: "Papa Évariste, mutoto nitamunawisha na NORMAL?"

Nikashuka. Pompi imesimama. Niliigusa — baridi. Courant ya umeme ya chini ilikatika. Ile ya ordinateur inapita njia yake. Nikapanda. NORMAL. Nikashuka tena kuhakikisha pompi imesimama kweli. Nikapanda. NORMAL! Pompi imekufa, yeye anasema iko muzima.

Nilifuata waya yenye kupeleka makelele ya pompi ku ordinateur, mukono kwa mukono, mpaka nyuma ya ukuta. Imekatwa. Muntu alibeba kipande kirefu, kwenda kuuza shaba yake. Na pale palipokatwa pamekuwa kijani, buibui amejenga. Si ya jana ile. Si ya juma hili.

Basi ordinateur haikuwa inasikia kitu. Tuliifundisha makelele mazuri na makelele mabaya. Kimya hatukuifundisha. Ikakuta kimya, ikaona ni sawa.

Kazi tano, 12 février

Courant ilirudi. Pompi inazunguka, maji inatoka, wamama wanapanga bidons na kuimba. Nikaweka sikio. Roulement, beringi yake, inajikula. Kama muntu anayetafuna changarawe.

Nisimamishe? Camp itakosa maji, na roulement nyingine haiko mu dépôt. Niache? Itakwama mara moja, na pompi muzima itaharibika nayo. Chef haonekani. Bureau yake imefungwa na kadenasi. Nilisema swali kwa sauti kubwa mu salle, kama vile kuko muntu wa kujibu.

Muntu wa kujibu ni Nicolas. Lakini nikimuuliza, nitamwambia na ya waya. Kila mara nimefika pale nilimwambia haijalia, na yeye amelala chini ya sheeting juu ya ile neno, kama godoro.

Siku ya posho, 13 février

Train imefika! Wagons za mizigo. Naandika ku goti, mugongo ku ukuta wa gare. Pompi nimeiacha ikizunguka, ikitafuna.

Wamepanda: watoto, sufuria, godoro. Mama Philomène alibebwa kama gunia, akawacheka wenye kumubeba. Yaya Nicolas alitoa kichwa ku mulango wa wagon, akaniita juu ya vichwa vya bantu wote:

"Évariste! Haijalia?"

Gare muzima iligeuka. Nikainua kidole gumba.

Akaonyesha watoto kidole changu. "Munaona? Ile njo kazi ya baba yenu. Ile inabakia."

Locomotive haijafungwa ku wagons bado. Mumoja anasema kiisha saa moja, mwingine anasema kesho. Kutoka hapa mpaka wagon yake si mbali, mutoto mudogo anafika. Swali ni fupi: yaya, nisimamishe ao niache? Lakini mbele yake kuko ile ingine ya kusema, ya waya.

Mama Philomène ananiita na mukono, nije nikule nao. Wamenibakizia ndagala.

Firmin yuko upande ule na wenzake, anauliza kwa sauti kama première classe yangu imejaa. Nainamisha kichwa ku karatasi. Minye!

Ile ya bahati niliandika siku ya kazi moja ni uongo. Waya ilikatwa, na minye sikushuka kuangalia.