Mpaka Usiotajwa

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na gazeti lako linaendeleaje? Sisi wazima. Mama miguu inamsumbua, ila mdomo haujambo. Kila jioni anauliza kama bado unagombana na watu.

Nimesoma makala yako. Unataka siku makoloni yetu mawili yakiungana, kile kizuizi cha barabarani pale mlimani king'olewe siku hiyohiyo. Dada, mimi ndiye ninayepita pale na basi kila asubuhi. Huku tunaendesha kulia, huko mliko mnaendesha kushoto, kwa kuwa kila mkoloni alikuja na mazoea ya kwao. Pale juu huoni kinachokuja. Kinachotuokoa ni yule bwana wa bendera: anasimamisha gari la huko, mimi nahamia upande wa pili na kupita, ndipo analiruhusu. Akiondolewa kabla nchi nzima haijachagua upande mmoja, tutakutana uso kwa uso. Liandike hilo, hata kwa mistari miwili.

Konda wangu anasema tukishaungana tutaendesha katikati, asionewe mtu.

Mdogo wako, Dereva


19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila mimi na usingizi hatusemezani. Mpe Mama pole ya miguu, na umwambie ndiyo, bado nagombana.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote imeniudhi. Mabwana wawili walikaa mezani ng'ambo, wakapitisha mstari katikati ya shamba la babu yetu, nusu ya ukoo ikalala huku, nusu kule. Leo mtu wa damu yangu ananiomba nikibakize kizuizi kwa sababu basi lake linahitaji mtu wa kulipungia kitambaa? Machifu wanasema subirini. Watu wa forodha wanasema subirini. Sasa na madereva. Kila mwoga ana sababu yake nzuri, na zote nimeshazisikia.

Siandiki. Upande wa barabara ni kazi ya kamati ya muungano, wataupanga. Siku ya sherehe nitakuwa hapo mlimani. Wamenichagua niing'oe nguzo ya kwanza kwa mtaimbo. Na ile sheria niliyoipigania itaanza siku hiyohiyo: atakayeutaja mpaka wa zamani hadharani, jela. Hakuna huku na huko tena. Anza kujizoeza.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Shikamoo. Nikisema mzima nitakuwa nadanganya. Nina mkono uliovunjika na nimelala chini, mahabusu.

Najua umesikia. Ilikuwa wiki ya pili baada ya sherehe zenu. Kulikuwa na ukungu, nikakaribia kilele nikiwa kulia kwangu, kama sheria ya huku inavyotaka bado. Lori la saruji likatokea likiwa kushoto kwake, kama sheria ya huko inavyotaka bado. Dereva wake tulimwita Kipara. Zamani tulikuwa tunasubiriana pale kizuizini, ananitukana kwa upendo, namrudishia. Safari hii nilimwona uso wake tu. Amekufa yeye, amekufa konda wangu, na abiria wa viti vyote vya mbele.

Mwendesha mashtaka anasema niliendesha upande usio wangu. Nikamwambia nilikuwa sijafika pale pa kubadilishia. Akauliza, "Kubadilishia nini? Nchi si moja?" Wakili anasema kesi yote ni hiyo: kama basi lilikuwa halijaivuka nguzo, sina hatia. Lakini nguzo hakuna, mashimo yamefukiwa, na nikisema palikuwa na mpaka naongezewa shtaka la pili. Nijitetee kwa maneno gani?

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Pole, mwanangu wa mgongoni. Nilikubeba ukiwa huwezi kutembea, ndiyo maana nakuita hivyo, ukubali usikubali.

Nilipeleka makala ya pande za barabara kwa mhariri mkuu. Akaniuliza wakoloni wamenilipa shilingi ngapi. Nikaenda kwenye kamati. Mwenyekiti akanikaribisha chai, akaniambia, "Subiri, dada." Niliimwaga ile chai mezani kwake. Watu tuliodai kila kitu leo, leo, leo, tumeshapata viti, na sasa tumejifunza neno la machifu.

Nitakuja mahakamani. Ile nguzo niliing'oa mimi, kwa hiyo najua ilipokuwa: ni mkabala na mtaro wa mawe, ukishakipita kilele. Basi lako lililala kabla ya kilele. Wakili wako ameniletea ujumbe nisiseme. Mwambie sheria hiyo naijua kuliko yeye.

Dada yako


30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii anaibeba wakili, naye hajui wamekupeleka gereza gani.

Ulipotolewa nje hukusikia yaliyofuata, kwa hiyo nakueleza. Hakimu alipokuuliza, "Mama, unazungumzia mpaka upi?" nawe ukamjibu, "Ule nilioung'oa huku mheshimiwa ukinipigia makofi," watu walicheka. Wewe askari walikukamata hapohapo. Mimi hakimu aliniambia ushahidi wako hauwezi kupokelewa, maana unahusu kitu ambacho kisheria hakipo. Miaka saba. Wewe, wakili anasema, mitatu, na hawakukupa hata nafasi ya kukaa.

Nilitaka kukukasirikia, Dada. Nimejaribu kweli. Lakini nilikuona umesimama pale, kilemba kimekulegea, unawabwatukia vilevile ulivyonibwatukia mimi, na hasira ikanikataa.

Jana askari wa zamu alinisomea gazeti lako. Kuanzia mwezi ujao nchi nzima ni kushoto. Akaniambia, "Dereva, uliwahi mno." Hakuwa na ubaya, alitaka tucheke.

Mama ameacha kuuliza unagombana na nani. Zamani wafungwa wa huko walitembelewa Jumamosi, wa huku Jumapili. Sasa wameunganisha, ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, nchi nzima, saa zilezile. Anataka kujua aende kwa nani.

Nimemwambia nitakuuliza.

Mdogo wako