Mikono ya Mama Mkwe

Kanyenye, Tabora

Mama yangu, shikamoo. Usishtuke, mjukuu wako Idi hajambo, ananyonya kama kawaida. Ila mimi kichwa hakijakaa sawa.

Unaujua ule ukurutu wake wa mashavuni. Tangu tufike huku, kila asubuhi mama mkwe anatwanga karanga za mboga, na akimaliza hanawi. Mafuta yaliyobaki viganjani anampaka mtoto pale palipochubuka, anasema, "Neema hii haioshwi na maji." Nami nilifurahi, Mama, wallahi nilifurahi.

Juzi tukamwonjesha uji wa karanga kwa mara ya kwanza. Vijiko viwili tu, midomo ikavimba, vipele vikamtapakaa mwili mzima. Tukamkimbiza hospitali. Alipotulia nikamwambia daktari, "Lakini huyu alikuwa hajawahi kula karanga!"

Akanijibu, "Mdomoni zilikuwa hazijafika. Lakini zikitangulia kupitia ngozi iliyochubuka, mwili unaweza kuzichukulia kama adui."

Sasa sielewi. Kumbe chakula nacho kina mlango wake wa kuingilia? Na nimlaumu nani, wakati mtoto nilikuwa nampeleka mimi mwenyewe apakwe?

Mama mkwe aliyasikia hayo. Ananawa kwa sabuni mpaka vidole vinakunjamana, halafu anakaa mbali, mikono kaificha ndani ya khanga. Leo Idi alimlilia ambebe. Bibi yake akanitazama mimi kwanza, kama anaomba ruhusa.

Ukituombea dua, Mama, anza na yeye.

Mwanao akupendaye,
Zuhura