Doa la Njano Nyololo

Jumanne, Soweto, Mbeya

Mvua ya Aprili ya Nyololo niliitunga mimi. Sijamwambia mtu, hata mama.

Leo kaka Festo, bosi wetu kwenye kazi ya kuchora ramani ya wastani wa mvua wa kila mwezi nchi nzima, alituita wote kwenye kompyuta yake. Aprili, Nyanda za Juu zote ni bluu, na katikati kuna doa la njano la ukame: shule niliyomaliza, ambayo rejista yake ina Aprili moja tu.

"Nyololo pakavu kuliko Dodoma! Huyu mlinzi wao alikuwa anapima ulanzi kilabuni, siyo mvua."

Wakacheka. Nayachukia hata meno yake.

Mzee Mgaya, mlinzi mwenyewe, hanywi. Rejista ina jina lake, lakini aliyekuwa anasoma kipimo cha mvua ni mimi. Alinifundisha mwenyewe, na matope yalipozidi akanipa gambuti zake. Zilinipwaya. Wavulana wakajaa dirishani: "Askari wa mvua! Kushoto, kulia!"

Nikaacha kwenda. Aprili nzima nilikaa bwenini, bati likinguruma kwa mvua, nikaandika milimita mbili, tatu, mbili.

Sasa Festo anamwandikia mkuu wa shule kwamba mzee aondolewe kwenye kipimo. Barua akanipa mimi niichape. Nilifungua mdomo, akasema, "Dada, haraka basi." Nikaichapa. Sikukosea hata herufi moja.

Inatumwa kesho. Namchukia Festo, nawachukia wale wavulana, na mimi je...

Wewe daftari, usimwambie mtu. Gambuti za mzee ziko hapa chini ya kitanda. Sikuwahi kumrudishia.