Tende za Mama na Maradhi ya Athumani

Kindu, ukingoni mwa Lualaba

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Mbwamaji, na goti lako limepoa. Mimi mwanao ni mzima wa mwili, ila roho imechoka, na aliyenichosha ni kaka Athumani.

Ule ugonjwa wake wa mkojo mtamu haujamwacha. Akienda haja ndogo uani, sisimizi hujaa pale pale. Tabibu alimkataza matunda yote, nami nikayaondoa nyumbani, hata mapera. Hali ikazidi kuwa mbaya. Kumbe kila jioni alikwenda kwa jirani yetu, Mama Kalonda, akapewa maji ya miwa, kata nzima. Nilipomlalamikia yule mama alinishangaa, kwa Kiswahili chao cha huku, ambacho "njo" ni "ndiyo". "Ile haiko tunda, njo maji tu. Muntu mugonjwa anakatazwa maji?" Kaka akaitikia kwa kichwa, kana kwamba yeye ndiye aliyeonewa.

Nikaona kumnyima kila kitu ni kumfundisha wizi. Tukapatana: pera moja, alitafune lenyewe, baada ya chakula, siku nyingine kipande cha papai, au nusu ya ndizi isiyoiva sana. Maji ya miwa na asali, marufuku. Kiu ikapungua, na sisimizi wakapungua. Nilifurahi sana, mama.

Ndipo msafara ukafika na kikapu chako cha tende, Ramadhani nayo imeingia. Kufuturu kwa tende ni sunna, sibishi, lakini moja ingetosha. Yeye anachota konzi. Nikimshika mkono anasema, "Mama amezituma kutoka pwani, watu wamezibeba vichwani njia yote hii. Nikizikataa nimekataa radhi yake." Nimegomba, nimenuna, nimekificha kikapu; ananiita mchoyo. Sasa macho yake yameingia ukungu, na kidonda cha mguuni hakifungi. Atarudije kwako kwa miguu ile?

Nisalimie shangazi msusi wa mikeka, na mjomba anayesomesha watoto Kurani chuoni. Shemeji yangu, mke wa Athumani, mwambie mumewe anamtaja kila siku, lakini habari za macho usimwambie bado.

Kaka hawezi tena kusoma. Barua zako namsomea mimi. Nimetamani kumsomea neno ambalo hukuliandika, na sikuthubutu. Liandike wewe, mama: kwamba akila tende moja tu, radhi zako anazo zote.

Mwanao,
Mbaruku